Feni ikiungwa, taa zinazima: nyumba ya mfano ya sola isiyo na betri

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu hapa Kongwa. Klabu yetu ya sayansi inajenga nyumba ya mfano ya boksi na plaiwudi, tutaipeleka kwenye maonyesho Dodoma mjini mwanzoni mwa Agosti. Tunataka itumie umeme wa sola moja kwa moja, bila betri: taa nne, feni na pampu ya kupandisha maji kwenye tangi. Tumenunua paneli moja ya volti 6, wati 1. Taa zinawaka vizuri, ila tukiunga feni taa zote zinazima na feni yenyewe haizunguki. Tumebadilisha nyaya, wapi! Mwalimu mmoja ametuambia tununue betri tu, maana nyumba isiyo na betri si nyumba. Paa nalo tunabishania: wengine wanataka bati lililoinama, wengine wanataka paa bapa la udongo, la tembe. Tufanyeje?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nyaya ziacheni, hazina kosa. Paneli yenu ni nzima, na feni pengine ni nzima pia. Kilichowaponza ni kuichukulia paneli kama betri iliyopigwa ubapa, na kosa hilo nimeliona hata kwa mafundi wenye vyeti.

Kiangazi kama hiki mmeshaona visima vya korongoni. Watu wanafukua mchanga kwenye mto mkavu mpaka maji yaanze kuchuruzika. Maji yanaingia kwa kasi yake, huwezi kuyahimiza. Ukichota kwa kata, kidogo kidogo, kina kinabaki pale pale. Ukitumbukiza ndoo ya lita ishirini unakomba mchanga, na aliye pembeni yako na kata yake hapati hata tone. Betri ni pipa lililojaa; ndoo yoyote ikija inajaa, mpaka siku pipa litakapokauka. Paneli ni kisima cha korongoni. Kina cha maji ndiyo volti, unachochota ndiyo ampea, na kasi ya kuchuruzika inapangwa na jua.

Sasa tazameni feni yenu ilichofanya. Paneli ya wati 1 kwa volti 6, jua likiwa kali, inatoa kama miliampea 160. Hata ukiipiga shoti haizidi sana hapo, labda 180. Taa nyeupe ya LED inatosheka na miliampea 15 hadi 20, kwa hiyo zote nne hazizidi 80. Zinachota kwa kata. Mota ya mwanasesere, ambayo bila shaka ndiyo ya feni yenu, ikiwa imesimama ni habari nyingine. Kabla haijaanza kuzunguka, ndani yake mna waya wa shaba tu, wenye ukinzani wa omu chache. Tuseme omu 5. Kwa volti 6 ingetaka ampea 1.2, na paneli haina. Paneli inatoa 0.18 yake yote, na 0.18 mara 5 ni 0.9. Basi volti za mtandao wenu mzima zimeporomoka hadi 0.9, wakati LED nyeupe haiwaki vizuri bila karibu volti 3. Taa zimezima. Mota nayo kwa volti 0.9 haina ubavu wa kusukuma mapanga, na kwa kuwa haizunguki inabaki waya mtupu, na kwa kuwa ni waya mtupu volti zinabaki chini. Mmekwama hapo.

Fanyeni jaribio moja kabla ya kununua kitu. Chomoeni taa zote, ungeni feni peke yake juani saa saba mchana, kisha sukumeni panga kwa kidole. Ikikubali kuendelea yenyewe, mmepata jibu. Mota ikishazunguka huzalisha volti zake zinazosukumana na zile zinazoingia, na hapo ulafi wake unapungua sana. Shida yake ni kuamka tu. Feni kadhaa nimeletewa kibandani kwangu zikiitwa mbovu, zikaondoka kwa kidole.

Lakini hamwezi kusimama mbele ya waamuzi mkisukuma feni kwa kidole, kwa hiyo turekebishe.

Kwanza, badilisheni mota. Ya mwanasesere wa gari imetengenezwa kwa ajili ya betri, inakula bila huruma. Tafuteni kwa fundi redio deki mbovu ya DVD, mchukue mota ile inayozungusha diski. Chagueni yenye nyaya mbili. Yenye utepe wa nyaya nyingi mrudishieni. Hizi huamka kwa volti kidogo na ampea kidogo. Mapanga mkate kwenye chupa ya plastiki ya maji, mepesi, mawili au matatu, yasizidi upana wa kiganja. Panga zito ni ndoo kubwa.

Pili, msichotee watu wote kisima kimoja. Paneli mliyo nayo iwe ya taa peke yake. Nunueni nyingine mbili za aina ile ile, muziunge sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, mpate volti zile zile 6 na ampea maradufu, kama miliampea 320. Hizo ziwe za feni na pampu, kwa swichi ya njia mbili: ikilala huku feni, ikilala kule pampu, kamwe zisipokee pamoja. Pampu ndogo za kuzamishwa, za volti 3 hadi 6, zinazouzwa kwa ajili ya majaribio, zinachukua miliampea 100 hadi 200 hivi. Paneli mbili zinazimudu.

Kwenye taa kuna mtego mdogo. Vitabu vitawaambia rezista ya LED, kile kidude cha kupunguza mkondo, ni volti 6 kutoa 3, gawanya kwa 0.02, upate omu 150. Hesabu ni sahihi, ila paneli yenu haitakuwa kwenye volti 6. Taa nne zinachota nusu ya uwezo wake au pungufu, kwa hiyo kina kitasimama juu, karibu na volti 7. Wekeni omu 220. Kwa volti 7 taa inapata miliampea 18, kwa volti 6 inapata karibu 14, na pote inang'aa. Kila taa na rezista yake. Msiunge taa nne kwa rezista moja, kwa sababu LED hazifanani hata zikitoka pakiti moja; moja itajipendelea, itachoka mapema, na mzigo wake utaangukia zilizobaki.

Mkiwa na mita ya kupimia umeme mnaweza kufanya kitu kitakachowapa alama kuliko nyumba yenyewe. Wekeni paneli juani, pimeni volti bila kuunga chochote. Kisha hamishieni waya mwekundu wa mita kwenye tundu la ampea 10, mguse ncha mbili za paneli moja kwa moja. Ndiyo, ni shoti, na paneli ndogo haiungui, kwa sababu kisima hakitoi zaidi ya kinavyochuruzika. Msije mkafanya hivyo kwenye betri, na msije mkafanya kwenye paneli kubwa za juu ya nyumba zilizoungwa mfululizo. Zile zinatoa cheche inayoendelea kuwaka na inaweza kuua. Baada ya hapo ungeni rezista moja baada ya nyingine: omu 10, 22, 33, 47, 100, 220. Kila moja andikeni volti, mpate ampea kwa kugawanya, mzidishe mpate wati. Mtaona wati zinapanda, zinafika kilele pale kati ya 33 na 47, kisha zinashuka. Kilele hicho ndicho kipimo cha kata ya paneli yenu. Rezista ziwe za wati 2. Zile nyembamba za robo wati zitawachoma vidole. Chora grafu kwa mkono, ibandike ukutani mwa nyumba. Mwamuzi akiuliza kwa nini mmeweka paneli mbili kwenye pampu, mwonyesheni grafu, msijibu kwa mdomo.

Tuje kwenye paa. Mimi niko upande wa tembe, ila si kwa sababu ya utamaduni, ingawa tembe ni nyumba ya Wagogo na mko Ugogoni. Sababu yangu ni taa. Mchana kweupe nani ataona LED inawaka? Nyumba yenye madirisha makubwa na bati la kung'aa itameza mwanga wa taa zenu mpaka waamuzi waulize kama zimewaka. Tembe ina kuta nene, vidirisha vidogo, giza zuri ndani. Mtu anainama, anachungulia, anaona vyumba vinne vimewaka, na juu ya kichwa chake jua linawaka vile vile. Kutani tumieni tabaka mbili za boksi na katikati mjaze nyasi kavu au makapi, kisha mpake udongo kwa nje. Ubao wa chini uwe imara, udongo ni mzito. Msipime nyumba yenu kwa mara ya kwanza siku ya kuipandisha kwenye basi.

Paa bapa la tembe halina hasara kubwa kwa sola hapa kwetu. Dodoma na Kongwa ziko kama nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Jua linapita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena kama tarehe 8 Oktoba. Kati ya Machi na Oktoba linakaa kaskazini yetu, miezi mingine linakaa kusini. Mwanzoni mwa Agosti, mchana, litakuwa kama nyuzi 22 kaskazini ya utosi. Paneli iliyolala bapa itapoteza asilimia 7 au 8 tu saa ile. Mkiiinua nyuzi 20 kuelekea kaskazini, haipotezi kitu cha kutaja. Ila mkiiinua nyuzi 20 kuelekea kusini, kwa kuwa mmeona picha ya Ulaya kwenye simu, mtatupa robo ya jua. Kule wao jua ni la kusini mwaka mzima. Kwetu linahama. Basi juu ya tembe wekeni vibao viwili vya kuegemeza paneli, vyenye bawaba, mpate kuzielekeza. Msizigandishe na gundi juu ya boksi. Acheni nafasi ya kidole kimoja chini yake hewa ipite, kwa sababu paneli inachukia joto: kila nyuzijoto moja juu ya 25 inapunguza nguvu kwa kama asilimia 0.4, na paneli nyeusi iliyobanwa juani inafika nyuzi 60 bila shida. Hapo mmeshapoteza asilimia 14 kwa ajili ya gundi.

Tangi la maji nalo lina mahali pake. Paneli ya volti 6 kwa kawaida ina seli 12 zilizoungwa mfululizo, kila moja ikitoa nusu volti. Zikiwa mfululizo, umeme wote unapita katika kila seli, na seli moja ikifunikwa inabana nyingine zote. Wekeni kidole juu ya seli moja muone feni inavyonyongwa. Sasa mtu anaweka tangi zuri juu ya mnara upande wa kaskazini, kivuli chake kinaanguka juu ya paneli, halafu anailaumu pampu. Agosti vivuli vya mchana vinaelekea kusini. Tangi likae kusini mwa paneli.

Na saa ya kuonyesha mjue. Wengi wanadhani jua lina nguvu zaidi saa sita kamili. Saa zetu za Afrika Mashariki zimefungwa kwenye longitudo ya nyuzi 45, ambayo haigusi Tanzania hata kidogo. Dodoma iko karibu na 36. Kila uzi ni dakika nne, kwa hiyo jua letu liko nyuma ya saa kwa dakika 36 hivi, na Agosti linaongeza nyingine tano au sita. Kilele ni karibu na saa saba kasorobo. Ombeni zamu ya mchana. Ile ya saa mbili asubuhi waachieni wenye maua na mboga.

Hili linalofuata nalieleza kwa uchungu. Nilipokuwa kijana nilijenga nyumba ya namna yenu, feni mbili, redio, taa, nikaipeleka kwenye maonyesho fulani. Uwanjani iliimba. Tukaambiwa meza zote zinaingia ukumbini. Ndani kulikuwa na taa ndefu nyeupe dari nzima, mtu anasoma gazeti bila shida, nikadhani mwanga ni mwanga. Hakuna kilichozunguka. Nilikaa saa nne nikieleza watu kwamba nje inafanya kazi, nao wanatikisa kichwa kwa adabu. Jicho linatudanganya, kwa sababu linajipanua lenyewe. Jua la mchana ni kama lukisi 100,000; lukisi ni kipimo cha mwanga. Ukumbi uliowashwa vizuri una 500. Hiyo ni sehemu moja ya mia mbili, na miliampea 160 zenu zitakuwa hata moja haifiki. Ulizeni mapema mtawekwa wapi. Mkiwekwa ndani, ombeni meza iliyo karibu na mlango, paneli zitoke nje zikiwa kwenye kibao chao, na nyaya zirudi ndani. Waya wa milimita za mraba 0.5, umbali wa mita 10, utakula kama volti 0.14 kwa mzigo wa taa na feni yenu. Si kitu. Ndiyo sababu nyingine ya kutozigandisha paneli juu ya paa.

Mwalimu wenu sasa. Hajakosea, amejibu swali lingine. Nyumba ya kulala inataka taa usiku, na taa ya usiku bila umeme uliohifadhiwa haipo. Lakini ninyi hamwigizi usiku. Orodhesheni kazi za nyumba ambazo hazijali saa: kupandisha maji, kusaga, kukausha mboga, kupoza hewa. Feni hasa, mnaihitaji pale pale jua linapowaka. Kazi hizo betri inaziongezea gharama tu, na betri ya tindikali kwenye joto letu huwa ya kwanza kufa katika mfumo mzima. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzijoto 10 juu ya 25 zinakata umri wake nusu. Ndiyo maana pampu nyingi za sola vijijini hazina betri kabisa. Paneli, kidhibiti, pampu ndani ya kisima kirefu, tangi juu ya mnara. Jua likiwa kali maji yanapanda kwa kasi, wingu likipita yanapanda polepole, usiku watu wanafungua bomba. Kilichohifadhiwa ni kazi iliyokwisha kufanyika. Dodoma mjini, ambako maji kwa miaka mingi yamevutwa kutoka visima vya Mzakwe katika bonde la Makutupora, hakuna mtu atakayewauliza tangi lina faida gani.

Msipitilize, lakini. Kuna kikundi kila mwaka kinachodai maji ya tangi yatashuka yazungushe dainamo, yawashe taa usiku. Pigeni hesabu. Glasi moja ya maji, gramu 200, kwa kimo cha sentimita 30, ina nishati ya jouli 0.6. LED moja inakula miliwati 60. Ni sekunde kumi, tena kama hakuna kinachopotea njiani.

Mwalimu akiendelea kubisha, mwambieni kwa heshima kwamba mnafuata mkondo wa wazee wa kazi hii. Aprili 1954, maabara za Bell huko Marekani zilipoonyesha waandishi wa habari seli ya silikoni ya kwanza yenye nguvu ya maana, iliyogeuza karibu asilimia 6 ya jua kuwa umeme, kitu walichozungusha nacho kilikuwa mwanasesere: gurudumu dogo la kubembea. Mwanga ukaipiga seli, gurudumu likazunguka.

Yamebaki madogo. Chanya na hasi za taa zikikosewa, LED haiwaki, igeuzeni tu. Feni ikivuta hewa badala ya kupuliza, badilishaneni nyaya zake. Pampu ikilia bila kupandisha maji, huenda nayo inazunguka kinyume, au mpira wa kupandishia umekunjika kwenye kona. Agosti upepo wetu una vumbi, kwa hiyo bebeni kitambaa laini na maji, mpanguse paneli kabla ya zamu yenu, si baada ya kuona mambo yamedorora. Na mmoja wenu apewe kazi moja tu siku hiyo, kulitazama beseni: pampu hizi ndogo hupozwa na kulainishwa na maji zinayosukuma, zikizunguka kavu zinajichoma zenyewe.